Shukeni Keumbu Kwanza, Halafu Mniambie za Pangoni

Wasee, kila Desemba ni ile ile. Lazima video ya soko la Krismasi la chini ya ardhi ikufikie. Watu wamevaa makoti mazito, wanapita kwenye pango refu lenye taa za dhahabu, vibanda kushoto, vibanda kulia, kila mtu na kikombe cha kitu moto mkononi. Ukiangalia maoni, ni Wakenya wanamwomba Mungu awakumbuke. Na kati yao kuna watoto wa Kisii na Nyamira, wanaandika hayo wakiwa ndani ya matatu inayokatiza Keumbu, dirisha limefungwa ndio akina mama wa ndizi wasiwasumbue.

Hiyo ni kujidharau. Tusiipake rangi.

Hebu kwanza tujue tunachotamani ni nini. Mji unaoonekana sana kwenye hizo video ni Valkenburg, kusini mwa Uholanzi. Soko linawekwa ndani ya mapango kama Gemeentegrot na Fluweelengrot, kuanzia Novemba hadi karibu na mwaka mpya. Sasa sikia hii: hayo mapango hayakuumbwa na Mungu. Ni machimbo. Watu walichimba mawe ya kujengea humo kwa karne nyingi, wakaacha mashimo marefu yenye baridi ya nyuzi kama 12 mwaka mzima. Kuna waliochora ukutani kwa makaa, wengine wakachonga sanamu. Mwaka 1944, vita vilipowafikia, wenyeji walijificha humo humo. Leo shimo hilo linauza tiketi.

Kwa hivyo usiniambie eti wenzetu wamebarikiwa. Walikuwa na shimo la machimbo, wakakaa chini wakaamua litakuwa mahali pa watu kuja. Basi. Kilichobaki ni taa, njia ya kupita, vyoo na mtu wa kufagia.

Na sisi mashimo tunayo. Nenda Tabaka, huko South Mugirango, utaona vile mawe ya sabuni yanatolewa ardhini kwa jembe na jasho. Ni jiwe lile lile la bakuli na viboko wadogo unaoona madukani Nairobi. Lakini kuna kitu kingine wachongaji wetu wanatoa: Mariamu, Yusufu, mtoto horini, wachungaji na kondoo wao. Seti nzima ya Krismasi, kwa jiwe la Gusii. Inasafirishwa kwenda kuuzwa Ulaya na Marekani. Mzungu anaiweka chini ya mti wake na kuwaonyesha wageni. Wewe wa hapa nyumbani unanunua nyota ya plastiki iliyovuka bahari, halafu unalalamika Krismasi ya ushago haina vibe.

Sasa turudi Keumbu. Ukitoka Nairobi kupitia Narok, Bomet na Sotik, ukishapita Keroka, Keumbu ndiyo inakukaribisha kabla ya Kisii mjini. Kila mtu anaijua kwa ndizi. Mikungu ya matoke imepangwa chini, ndizi mbivu kwenye karai, parachichi, miwa, chinsaga iliyofungwa vizuri. Kwenye wiki ya Krismasi, mtu ambaye hamjaonana tangu Desemba iliyopita mtakutana hapo akinunua vitunguu. Hilo ni soko la Krismasi, wasee. Halina tu mtu wa kuliita hivyo.

Lakini tunafanya nini? Tunapunguza mwendo, mama anakimbilia dirisha na karai kichwani, tunamlalia bei hadi anaachilia chana karibu bure, tunaondoka. Mtu huyo huyo, kule pangoni angelipa kiingilio kabla hajanunua hata peremende, na asingeomba apunguziwe. Huo ndio ukweli unaouma. Shida si pesa. Shida ni nani tunaona anastahili pesa yetu bila kubembelezwa.

Najua mtaniambia, wewe nawe, unatetea matope. Hapana. Sitetei matope hata kidogo. Keumbu ikinyesha jioni, na huku kwetu hunyesha, mama anafunika bidhaa na nailoni halafu yeye mwenyewe analowa. Biashara inamwagika hadi ukingo wa lami, kwenye barabara ya malori na mabasi. Gari likikosa breki, kati yake na huyo mama hakuna kitu. Giza likiingia, anahesabu chenji kwa tochi ya simu. Anayeita hiyo "maisha yetu halisi ya kijijini" na kuipiga picha nzuri hamsaidii mtu.

Ndio maana nauliza kaunti swali rahisi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imewapa kaunti kazi ya masoko na kazi ya utalii wa ndani. Zote mbili, mkono mmoja. Kanjo wanajua kukusanya ushuru wa soko. Basi ushuru huo uonekane ukiwa taa, vyoo safi, paa la kutosha na sehemu ya magari kuegesha mbali na lami, ili mtu ashuke, atembee, anunue, akae. Desemba moja tu, wapeni wachongaji wa Tabaka safu yao hapo Keumbu, karibu na ndizi. Hatuhitaji pango. Hatuhitaji theluji ya pamba.

Na sisi vijana tusijifiche nyuma ya kaunti. Sisi ndio tuna simu. Sisi ndio tunaamua ni nini kitaitwa kizuri. Tukirudia video ya Valkenburg mara elfu, tunawatangazia bure watu ambao hawatatujua kamwe. Ukiwa na nauli ya kwenda Uholanzi, nenda, ufurahie, mimi sina wivu. Ila kama safari yako ya Desemba inapita Keumbu, mwambie dereva asimame. Shuka. Msalimie mama vizuri, lipa bei aliyotaja, piga video na useme ni wapi.

Valkenburg waliheshimu shimo hadi dunia ikalipanga foleni. Sisi tuna soko lenye watu, chakula na jina, na bado tunalifungia dirisha. Fungueni hilo dirisha.