Mguu wa aksoloti ukikatika, mzazi afanye nini?

Mtoto anaamka asubuhi, anachungulia tangi la kioo, kisha anaangua kilio. Aksoloti wake hana mguu wa mbele. Mwenzake ameung'ata usiku.

Aksoloti ni jamii ya salamanda, na kwao ni Xochimilco, Meksiko, ambako sasa wako hatarini kutoweka. Watoto wengi walianza kumpenda baada ya kumwona kwenye mchezo wa Minecraft mwaka 2021. Wanajua pia sifa yake kubwa: mguu ukikatika, huota mwingine.

Ni kweli. Ngozi hufunika kidonda haraka, kinatokea kinundu, kinarefuka, kisha vidole vinachomoza. Kwa mdogo huchukua wiki kadhaa, kwa mkubwa miezi. Mguu wa mbele una vidole vinne, wa nyuma vitano, hivyo mtoto anaweza kuvihesabu.

Lakini mara nyingine mguu huota na kasoro: umepinda, ni mfupi, au una kidole cha ziada. Kung'atwa tena kabla haujakomaa kunaweza kusababisha hali hiyo. Wengi wenye kasoro ndogo hula na kutembea kama kawaida.

Hapo mtoto anaweza kuuliza, "Kwa nini tusiukate tena uote vizuri?" Mzazi, jibu ni hapana. Mnyama ataumia bure, na majaribio ya wanasayansi yameonyesha kuwa kiungo kinachokatwa mara kwa mara mwishowe hushindwa kuota vizuri.

Cha kufanya ni kumtenga majeruhi peke yake, kwenye maji safi yasiyo na klorini, yenye baridi ya nyuzi 16 hadi 18. Asipakwe dawa ya binadamu. Utando mweupe kama pamba ukionekana kwenye kidonda, au akikataa kula, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Kisha mzazi aketi na mtoto watafute chanzo. Aksoloti wadogo hung'atana wanapobanana au wanapokuwa na njaa. Je, tangi lilikuwa dogo? Jana walilishwa?

Asigombezwe. Apewe kazi ya kupima joto la maji kila siku na kuhakikisha wote wamekula. Mguu utaota wenyewe, lakini kumlinda asing'atwe tena ni jukumu la anayemfuga.