Nauli ya garimoshi na maana ya ‘mtu mzima’

Neno nauli tulilipata kwa Waarabu, nao asili yake waliipata kwa Wagiriki, na kote lilikopitia lilihusu malipo ya chombo cha baharini. Abiria wa jahazi aliweza kuketi na nahodha wakapatana bei. Garimoshi halipatani na mtu. Atakaye kulipa kidogo hana budi azijue kanuni zake, na hoja yangu ni kwamba kanuni za reli yetu ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi zimemsahau msafiri mmoja ambaye aghalabu mfuko wake ni mwepesi, naye ni mwanafunzi.

Reli hiyo ilipozinduliwa mwishoni mwa Mei 2017, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 700. Baadaye ilipanda ikawa 1,000, na Januari 2024 ikafikishwa 1,500, sababu iliyotolewa ikiwa ni kupanda kwa bei ya mafuta. Mwanafunzi wa Changamwe anayesomea Nairobi, akienda na kurudi mara mbili tu kwa mwaka, amefanya safari 4. Kwa bei ya 2017 angelipa shilingi 2,800. Kwa bei ya 2024 analipa 6,000. Tofauti hiyo ya 3,200 ni chakula cha siku kadhaa kwa kijana anayejipikia chumbani.

Hapana shaka upo unafuu kwa anayejua kuutafuta. Mabasi hupandisha nauli kila Disemba, ilhali nauli ya garimoshi hukaa pale pale. Kinachokwisha ni viti. Kwa hivyo busara ni kukata tiketi mara tu ratiba ya mitihani itokapo, wala si siku ya kufunga chuo. Anayekwenda Voi au Mtito Andei apande treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, alipe kwa kadiri ya masafa yake. Tena asiisahau nauli ya pili, ile ya kutoka kituoni. Kutoka Syokimau ipo treni ya kumfikisha katikati ya jiji kwa bei ndogo, na Miritini zipo matatu. Nimewaona wanafunzi wakihangaikia kuokoa mia mbili kwenye tiketi, kisha wakampa dereva wa teksi mara tano ya hizo.

Lakini mawaidha haya yote yana kasoro moja. Kukata tiketi mapema kunahitaji pesa za mapema, na fedha za mkopo wa masomo zikichelewa, mwanafunzi mwenye mpango mzuri hana tofauti na asiye na mpango. Wote wawili watajikuta kwenye basi, wakilipa bei ya Disemba. Ndiyo maana siridhiki na ushauri wa kumwambia maskini ajipange vyema. Kanuni yenyewe ndiyo inayostahili kuguswa.

Tuitazame basi. Mtoto asiyetimiza miaka 3 hasafirishwi kwa malipo. Wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kuanzia miaka 12 ni nauli ya mtu mzima. Nikiwa mtu wa isimu, hapo ndipo nilipokwama. Katiba yetu ya 2010 humwita mtu mzima aliyetimiza miaka 18. Wazazi wetu walikuwa na vipimo vyao, jando na unyago. Reli peke yake imegundua utu uzima wa miaka 12, ambao unampata mtoto akiwa sekondari ya chini, hana kitambulisho, hana kazi, na sare yake amenunuliwa na mjomba. Kanuni inatambua umri wala haitambui uanafunzi.

Kwingineko uanafunzi ni hoja. Uingereza wana kadi ya reli ya vijana wa miaka 16 hadi 25 inayopunguza thuluthi moja ya nauli nyingi, na aliyepita umri huo huipata akithibitisha kuwa anasoma muhula mzima. Akasema mtu, hao ni matajiri. Sawa, tuende India, walikotoka vibarua wengi waliojenga reli yetu ya kwanza kuanzia 1896. Huko mwanafunzi anayesafiri kwenda kwao hupunguziwa nusu ya nauli ya daraja la chini, na shirika la reli lilipoziondoa nafuu nyingi mwaka 2020, ya wanafunzi liliibakiza.

Najua nitajibiwa kwamba reli ina deni la Wachina la kulipwa. Ni kweli, nalo ni deni zito. Lakini siombi nusu nauli kila siku kwa kila mtu. Ifungwe kwa safari nne kwa mwaka, daraja la kawaida, siku za katikati ya juma, kwa anayeonyesha kitambulisho cha chuo au barua ya mwalimu mkuu. Nambari ya kitambulisho tayari huandikwa kwenye tiketi na kukaguliwa langoni, kwa hivyo mlanguzi hatapata pa kupenyea kirahisi. Walimu wakuu na wasajili wa vyuo wanazo orodha za wanafunzi na tarehe za kufunga. Wangeanza kwa kuzipeleka barua hizo kwa shirika la reli kabla ya muhula huu kwisha, na nakala kwa Wizara ya Elimu.