Wenye Maduka, Mbona Mwatufukuzia Minana?



Sisi wanafunzi wa kutwa twaujua mji kwa miguu. Kila asubuhi napita mbele ya safu moja ya maduka huku kwetu Kisauni, Mombasa. Hadi mwaka jana palikuwa na mkungu mkubwa hapo. Chini yake mama mmoja akiuza viazi karai, na juu yake minana walikuwa wamening'iniza viota vyao kama vikapu. Kelele zao hata matatu hazikuzishinda!

Sasa kumenyamaza. Mwenye jengo aliukata mti ule wakati wa masika, minana wakiwa na makinda, akatandaza kabro hadi ukutani ili wateja wapate pa kuegesha magari. Makinda niliwaona kwenye matawi yaliyolala chini. Kunguru waliwamaliza kabla kengele ya shule haijalia.

Nilipopata ujasiri nilimwendea. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Nikamuuliza habari za mkungu. Akacheka: "Mwanangu, yale majani yafagiwe na nani? Na mavi ya ndege juu ya magari ya watu je?" Nikanyamaza kwa heshima. Kusema kweli, jibu lake lina maana. Mtu hajengi maduka ili afuge ndege. Ana leseni ya kulipia na pengine deni la benki.

Lakini hebu tuwatazame hao kunguru. Kunguru wetu huyu mwenye shingo ya kijivu si Mwafrika. Asili yake ni Bara Hindi; aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka, kisha akaenea pwani nzima. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Je, nani anayemlisha hapa mjini? Ni lile jalala lisilofunikwa nyuma ya maduka na mikahawa. Basi mwenye jengo huyo huyo amemvunjia mnana nyumba, na adui yake anamwandalia meza kila siku. Pipa lenye kifuniko ni ghali kuliko kabro? La hasha! (Hata mimi simo katika wema. Mara nyingi nimewatupia kunguru viazi ili nione wakigombana.)

Wengine watasema mjini ardhi haifai tena. Watu hao waende Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba mawe pale mwaka wa 1954, kikaacha mashimo makavu yasiyo na udongo. Mwaka wa 1971 Bwana René Haller alianza kupanda miti juu ya jiwe tupu. Kati ya aina 26 alizojaribu, ni 3 tu zilizostawi, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani yake makavu hayakuoza, akaleta jongoo. Jongoo wakayala na kuyageuza kuwa mbolea. Leo pale ni msitu, watu hulipa kiingilio kuuona. Hilo lilikuwa shamba la biashara, tena la saruji! Sembuse mwenye maduka ambaye udongo anao, ila ameufunika mwenyewe? Na mvua ikinyesha maji hayana pa kuzama, yanaingia dukani kwake. Mwezi wa Mei nilimwona akiyachota kwa ndoo.

Mimi sidai msitu Kisauni. Nadai shimo moja la mti kwa kila jengo, na kifuniko cha pipa.

Mwalimu wetu wa baiolojia alinikosoa kwamba hata mkungu ni mgeni kutoka Asia. Kwa hivyo nimeotesha mkwaju ndani ya mkebe wa rangi, umefika magotini. Juma lililopita nilimrudia mzee. Akauliza, "Maji utatia wewe?" Nikasema ndiyo, kila siku nikienda shule. Hakukataa, wala hakukubali. Nangoja ang'oe kabro chache tu, pale alipokuwa akikaa mama wa viazi karai.