Kamera Iwe ya Kumbukumbu, Isiwe ya Ushahidi

Ni mwezi mwingine tena na tunakutana kwenye safu yetu hii ya kukumbushana kwamba mapenzi si mshumaa na maua mezani tu, kuna na kutoka jasho pamoja! Safari hii tunavuka bahari hadi Uingereza, kwa ajili ya wasomaji wetu mlioko Reading, Leicester, Birmingham na kwingineko, ambao Jumapili yenu mnaitumia msituni mkikimbizana kwa bunduki za plastiki. Naam, nazungumzia easofti. Na hasa nazungumzia ile kamera ndogo ambayo siku hizi kila mmoja anataka kuifunga mwilini kabla ya filimbi kupulizwa.

Kwa ambaye hajawahi kuuona, mchezo wenyewe uko hivi. Timu mbili zinaingia msituni au kwenye majengo yaliyoachwa, kila mchezaji na bunduki ya mchezo inayorusha goroli za plastiki za milimita 6. Ulianzia Japani miaka ya 1970, nchi ambayo raia wa kawaida hapati bunduki ya kweli kirahisi. Mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ilitoa bunduki ya mchezo inayotumia betri na mota, na kuanzia hapo mchezo ukapaa duniani.

Sasa sikiliza kitu kinachoutofautisha na peintiboli. Kwenye peintiboli ukipigwa unachafuka rangi, hakuna ubishi. Kwenye easofti goroli inakugonga, inadondoka kwenye majani, na hakuna alama. Ni wewe mwenyewe unayetakiwa kuinua mkono, kupaza sauti kwamba umepigwa na kutoka. Mchezo wote umesimama juu ya uaminifu. Unafanana na nini? Unafanana na ndoa, bwana!

Hapo ndipo kamera inapoleta kasheshe. Bwana na bibi wamepangwa timu tofauti, wamecheza siku nzima, wamerudi nyumbani wamechoka lakini wana raha zao. Wanaunganisha kamera na televisheni. Dakika ya kumi mmoja anasimamisha picha: “Ona hapa, nilikupiga, mbona hukutoka?” Mwenzake anakana. Picha inarudishwa nyuma, inarudishwa tena. Baada ya nusu saa hawazungumzii tena goroli, wanazungumzia ile simu ya mwezi wa tatu iliyopigwa saa sita usiku. Chai inapoa, kila mtu na upande wake wa kitanda.

Picha nayo hudanganya

Kabla hujamgeuza mwenzio mshtakiwa, fanya hesabu kidogo. Goroli ya gramu 0.20 yenye nguvu ya joule 1 inatoka kwenye mtutu kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde. Kamera yako ikirekodi picha 60 kwa sekunde, kati ya picha moja na nyingine goroli imeshasafiri zaidi ya mita moja na nusu. Maana yake kamera haikuiona safari yote, imeona vipande. Jani dogo likiikwepesha sentimita kumi za mwisho, kwenye video itaonekana imempata, kumbe imempita ubavuni.

Halafu kuna baridi ya Uingereza. Mtu amevaa fulana, sweta, koti zito na juu yake fulana ya kubebea magazini. Goroli iliyosafiri mita 40 imeshapoteza nguvu nyingi, na ikigonga pochi ya mkanda mhusika anaweza asisikie chochote. Hakudanganya, hakujua tu. Kwa hiyo ukweli ni kwamba kamera haiwezi kukuambia mwenzi wako ni mwongo. Inaweza kukuonyesha alivyocheka alipoteleza kwenye matope, na hicho ndicho unachoifungia.

Ukishalikubali hilo, hata kuchagua kamera kunakuwa rahisi.

Unachagua kamera gani?

Watu wengi huziita zote GoPro, kama tunavyoita kila dawa ya meno Colgate. Kampuni ya GoPro, iliyoanzishwa na Nick Woodman, ilitoa kamera yake ya kwanza mwaka 2004, nayo ilikuwa ya filamu ya milimita 35, unaifunga mkononi. Leo wapo pia DJI na Insta360, na wako RunCam wanaotengeneza kamera za kufunga kwenye bunduki za mchezo. Usichanganywe na maneno ya muuza duka. Angalia mambo manne tu.

La kwanza ni utulivu wa picha. Ukikimbia na kamera isiyotuliza mtikisiko, atakayetazama atashikwa na kichefuchefu kama yuko kwenye boti ya Nungwi siku ya upepo. GoPro walipiga hatua kubwa hapa walipotoa HERO7 Black mwaka 2018, kwa hiyo hata kamera ya mkononi ya kuanzia miaka hiyo inatosha. Si lazima ununue ya jana.

La pili ni uzito. GoPro kubwa ya kawaida ina gramu 150 na ushee, ukiweka na kishikizi. Insta360 GO 3 ya mwaka 2023 ina gramu 35. Mkononi huoni tofauti. Kichwani, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, shingo itaiona.

La tatu ni betri na memori kadi. Betri moja haitamaliza siku, na baridi inaimaliza haraka zaidi. Beba mbili au tatu, uziweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Kuhusu kadi, video nzito ya megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa moja. Punguza ubora kidogo, rekodi raundi unazozitaka tu, uzime wakati wa chakula. Nani atatazama saa sita za vichaka?

La nne, lenzi iweze kukingwa. Goroli ya karibu inapasua kioo cha lenzi bila huruma. Nunua kinga ya polikaboneti, ile plastiki ngumu inayoonekana kama kioo, uifunge mbele ya lenzi. Ijaribu kwanza ikiwa peke yake: iegemeze kwenye uwanja wa kulenga shabaha, uipige kwa bunduki yako mwenyewe, miwani ikiwa usoni. Ikipasuka, umeokoa kamera.

Unaifunga wapi?

Hapa ndipo penye mazungumzo ya wawili, maana pale unapoifunga ndipo panapoamua video itazungumza habari za nani.

Ukiifunga kichwani, inaona unachokiona. Ukigeuka kumtazama mwenzio, naye yumo. Ni nzuri kwa kumbukumbu. Tatizo, kichwa ndicho kinachochungulia kwanza nyuma ya mti, kwa hiyo kamera itapigwa sana. Ukiiweka mbele ya helmeti inavuta kichwa chini, afadhali ubavuni. Na funga kamba nyembamba ya usalama kati ya kamera na helmeti, maana ikidondoka kwenye majani makavu ya msituni utaitafuta hadi giza liingie.

Ukiifunga kifuani kwa mikanda, picha inatulia zaidi, mikono na bunduki vinaonekana, na shingo inapumzika. Ila ukiinua bunduki begani kulenga, mkono unaziba nusu ya picha, na ukilala kifudifudi umerekodi majani. Mkanda uwe juu ya fulana ya magazini, si chini yake, na kamera ielekezwe juu kidogo kuliko unavyodhani, kwa sababu mtu akikimbia huinama.

Ukiifunga kwenye bunduki, kwenye ile reli ya kushikia darubini, unaweza kutumia lenzi ndefu inayomvuta mtu wa mbali. Kamera za kawaida zina lenzi pana, mtu aliye mita 30 anaonekana kama sisimizi. Kamera ya kwenye bunduki inamwonyesha vizuri. Ilinganishe na shabaha yako ukiwa mita 20 au 25, si mezani sebuleni. Lakini jiulize: itarekodi nini? Itarekodi kile tu ulichokilenga. Mwenzio hatakuwemo ndani ya video yako ila siku unayompiga! Hii ndiyo kamera ya ushahidi, na ndiyo inayopoza chai nyumbani. Wataalamu huichanganya na ya kichwani, lakini kama mna kamera moja tu, mimi ningewashauri kifua au helmeti.

Jicho halina spea

Sasa tuache utani kidogo. Kamera yoyote, hata ya bei mbaya, inanunulika tena. Jicho halinunuliki.

Usibandike wala usitoboe miwani ya kinga ili kufunga kamera. Tundu dogo la skrubu linaidhoofisha plastiki, na kishikizi kizito kinaivuta miwani isikae sawa usoni, ikaacha upenyo chini ya jicho. Chukua miwani yenye alama ya EN 166 na herufi B. Herufi hiyo inamaanisha ilijaribiwa kwa kupigwa na goroli ya chuma ya milimita 6 kwa kasi ya mita 120 kwa sekunde. Yenye F ilijaribiwa kwa mita 45 tu. Tofauti unaiona mwenyewe.

Na hili ndilo kubwa: kamera ikizima katikati ya mchezo, iache izime. Miwani ikifanya ukungu, usiifungue ili uone kitufe cha kurekodi. Wachezaji hushawishika kuinua miwani “sekunde moja tu”, na goroli haisubiri sekunde. Sheria ya Uingereza, baada ya mabadiliko ya mwaka 2017, inaruhusu joule 1.3 kwa bunduki zinazomimina mfululizo na joule 2.5 kwa zile za moja moja. Hiyo inatosha kabisa kuharibu jicho. Inua mkono, toka hadi eneo la mapumziko, rekebisha huko. Ukimwona mwenzi wako anaingiza vidole kwenye miwani, mpigie kelele hata kama yuko timu pinzani. Kumpenda mtu ndiko huko.

Makubaliano kabla ya filimbi

Nawashauri mkubaliane mambo matatu mkiwa bado kwenye gari, mioyo imetulia.

Mosi, mwenye uwanja anaruhusu kamera? Ulizeni waamuzi kabla ya kuanza. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kamera inazimwa, hata ikiwa kifuani kwako mwenyewe.

Pili, nani anaitazama video kwanza? Nyie wawili, pamoja, mkiwa mmeshaoga na kula. Wekeni kanuni: atakayesimamisha picha ili kudai “nilikupiga” anaosha vyombo. Kama kweli kuna mchezaji asiyekubali kupigwa, hiyo ni kazi ya mwamuzi wa uwanja siku ile ile, si kazi ya mke wala mume saa nne usiku.

Tatu, nini kinakwenda mtandaoni? Wewe unaona picha tamu ya mwenzio kavaa kombati na bunduki begani. Bosi wake, wazazi wa wanafunzi wake au mteja wake wa benki wanaona mtu na silaha, basi. Hawajui kwamba inarusha plastiki. Mwombe ruhusa kila mara, si ile ya mwaka jana, na wachezaji wengine msiowafahamu zibeni nyuso zao, hasa watoto. Na msirekodi mbwembwe za bunduki mkiwa kituo cha mafuta au barabarani. Uingereza kuwa na bunduki bandia hadharani bila sababu ya msingi ni kosa, kwa hiyo ikae ndani ya begi lililofungwa mpaka mfike uwanjani. Na mkija likizo Dar au Nairobi, njooni na kamera na video zenu, bunduki iacheni huko huko. Hakuna anayetaka kuanza likizo kwa kujieleza kwa askari wa uwanja wa ndege.

Mwisho wa yote, wapendwa, mtu akikwambia “hukunipiga”, mwamini. Kama amekosea, amekosea goroli moja. Wewe ukimwonyesha kwamba unaiamini kamera kuliko yeye, hilo litadumu kuliko raundi yoyote. Fungeni kamera zenu vizuri, miwani isitoke usoni, na Jumapili jioni tazameni video kwa ajili ya kucheka.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa!