Si kila kijidudu ni adui

Tangu Uhuru, wananchi wa Tanzania wamehimizwa kupambana na maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya elimu ya watu wazima, iliwafikia watu wapatao milioni mbili. Vyoo vilichimbwa na mazalia ya mbu yakafukiwa. Mafunzo yale yangali sahihi. Lakini elimu haina mwisho, na sayansi ya miaka ya karibuni imeongeza somo jingine: si kila kijidudu ni adui wa mwanadamu.

Ushahidi umo puani. Pua ni lango la pumzi, na langoni humo huishi bakteria wa kila namna. Mmoja wao, Staphylococcus aureus, ndiye aletaye majipu na usaha vidondani, na pengine huingia hata katika damu. Hukaa puani mwa karibu watu watatu katika kila kumi, mara nyingi bila kuwadhuru, akingoja nafasi. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, walieleza kwamba jirani yake, Staphylococcus lugdunensis, hutengeneza dawa iitwayo lugdunini, nayo humwua. Walipima wagonjwa 187. Miongoni mwa waliokuwa na jirani huyo, wasiofika 6 katika kila 100 ndio waliokutwa na aureus. Miongoni mwa wasiokuwa naye, karibu 35. Baadhi ya bakteria wa jamii ya Corynebacterium nao huvunjavunja mafuta ya mwilini na kutoa tindikali inayozuia kijidudu cha nimonia kisistawi.

Jambo hili lina maana gani kwa mji wa Kimamba, wilayani Kilosa, penye Reli ya Kati na mashamba ya mkonge? Maana yake ni kubwa. Huko, kama kwingineko nchini, mwanafunzi mmoja akishikwa na mafua, darasa zima hufuata. Ndipo amoksilini hununuliwa dukani bila cheti cha mganga, ikamezwa siku mbili, na vidonge vilivyobaki vikawekwa kabatini kumngoja mgonjwa mwingine. Lakini mafua huletwa na virusi, na amoksilini haina nguvu yoyote juu ya virusi. Inachofanya ni kuwaua walinzi wa lango na kuwaacha hai bakteria waliokwisha kuwa sugu. Ni sawa na mwenye shamba kuwafukuza walinzi wake kwa sababu mvua imenyesha.

Wapo watakaosema kwamba zahanati ina foleni ndefu na duka li karibu. Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Hata hivyo, gharama ya usugu hailipwi na mnunuzi peke yake. Hulipwa na mama aliyejifungua kwa upasuaji na mtoto mwenye nimonia, ambao siku wanapoihitaji dawa kwa kweli huikuta haifanyi kazi tena. Nguvu ya dawa hizi ni mali ya umma. Serikali ilitambua hivyo ilipoanzisha mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017. Lakini mpango hautekelezwi na karatasi. Hutekelezwa na watu.

Wa kwanza kati ya watu hao ni walimu na watumishi wa umma, kwa kuwa wao ndio hutazamwa na wengine. Mwalimu asimgawie mwanafunzi mwenye mafua vidonge. Amfundishe kunawa mikono, kuziba kikohozi kwa kiwiko na kuacha kuchokonoa pua. Mtumishi asimshurutishe mganga kumwandikia dawa asiyoihitaji, wala mganga asiandike ili kumridhisha mkubwa. Wazazi wahakikishe watoto wanapata chanjo ya nimonia, ambayo imekuwa ikitolewa nchini tangu 2013. Na mtoto anayepumua haraka haraka, au ambaye kifua chake hubonyea anapovuta pumzi, apelekwe zahanati bila kuchelewa. Huyo ndiye ambaye dawa hizo huokoa maisha yake, akizitumia kama alivyoelekezwa.

Kuzitunza dawa hizo kwa ajili ya mtoto huyo ni wajibu wa kila mmoja. Atakayezimaliza kwa mafua atakuwa amemnyang'anya.