Rudisheni kile kibati

Mmeiona ile vidio. Usiniambie hujaiona, kwa sababu hata mamangu alinitumia. Ukurasa mmoja mkubwa, jina sitaji, ulienda shamba moja upande wa Njoro ukakuta trekta kuukuu ya minyororo imelala nyuma ya boma, nyasi imemea hadi kwa kiti. Wakarusha droni, wakaweka muziki wa matanga, halafu wakaandika kwa herufi kubwa: KATAPILA YA 1920 ILIYOLETWA KULIMA KARANGA ZA MALKIA. Watu wakalia machozi. Mimi pia niliisambaza, nikaongeza na moyo uliovunjika. Hiyo ni aibu yangu na naibeba.

Lakini hebu rudi kwa sekunde za mwisho. Yule jamaa ameshika kibati kidogo, anakigeuzageuza kwa jua, anasema ataenda kukitundika studio awe na kumbukumbu. Hicho kibati ndicho kimenitoa kitandani saa nane usiku.

Shamba ni la shosho ya rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari. Shosho anataka kuiuza hiyo trekta, na ana haki, ni mali yake na kuna bili za hospitali. Kulikuwa na wanunuzi wawili. Mmoja ni wa chuma chakavu: anakuja na mtungi wa gesi ya kukatia, anapima kwa kilo, anaenda. Wa pili ni mzee fulani wa Nakuru anayefufua mashine za zamani. Huyo aliuliza swali moja tu kwa simu: "Namba ni gani?" Wakaenda kuangalia kwa injini, wakakuta matundu mawili ya riveti na mstatili safi mahali kibati kilikuwa kimekaa miaka yote hiyo. Mzee akasema pole, bila namba bei yake haina tofauti na ya yule wa kilo.

Kwa hivyo hii si hadithi ya mimi kuonea wivu wafuasi wa mtu.

Sasa tuangalie hiyo "1920". Trekta ya shosho ni ya njano, imeandikwa Caterpillar mbele na inatumia dizeli. Hayo matatu yanaonekana kwa vidio yao wenyewe. Kampuni ya Caterpillar haikuwepo 1920. Ilizaliwa 1925 huko California, wakati kampuni ya Holt na ya C. L. Best zilipoungana. Jina lenyewe ndilo la zamani zaidi: mpiga picha mmoja aliona mashine ya Holt ikitambaa akasema ni kama kiwavi, na Holt wakalisajili mwaka wa 1910. Njano nayo? Caterpillar walipaka matrekta yao kijivu mpaka mwisho wa 1931, ndipo wakahamia njano. Na trekta yao ya kwanza ya dizeli ilitoka 1931. Yaani mtu amesimama mbele ya mashine yenye vitu vitatu vinavyosema "mimi si ya 1920", na yeye anaangalia kamera.

Halafu usikimbie upande ule mwingine ukasema ah, basi njano ni baada ya 1931, kesi imekwisha. Rangi ni rangi. Fundi wa jua kali anaweza kukupakia mashine ya kijivu ikawa njano kabla ya chai ya saa nne. Rangi inaweza kukutoa gizani kidogo lakini haitoi ushahidi.

Karanga sasa. Hapa ndipo nilikasirika kabisa, kwa sababu historia ya karanga ni ya kweli na ni nzito, na wameitumia kama pilipili ya kuonjesha vidio. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia, serikali yao ikaamua kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 ilime karanga, sehemu kubwa Tanganyika. Kazi ilianza 1947 pale Kongwa, Dodoma. Matrekta mapya hayakupatikana, wakanunua yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino, mengi yakiwa tayari yamechoka. Wakachukua hata vifaru vya Sherman, kampuni ya Vickers ikavigeuza kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Kifaru cha vita kinang'oa mibuyu! Ardhi ya Kongwa ikikauka inakuwa kama saruji, majembe yakavunjika, mvua ikakataa, na 1951 mradi ukazikwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi.

Mradi wa 1947, trekta ya "1920", Malkia aliyeanza kutawala 1952. Wakati Kongwa inafyekwa Uingereza ilikuwa na mfalme, George wa Sita. Hata mtihani wa darasa la nane ungewaangusha.

Najua kwa nini wanafanya hivyo. Ukisema "ya karanga" bei ya hadithi inapanda. Nimeona madalali wakiuza kila chuma chenye minyororo kuanzia Naivasha hadi Kitale na hiyo hiyo hadithi ya karanga au ya vita. Na sisi tunawasaidia kwa sababu kwa Kiswahili chetu kila kitu cha minyororo ni katapila, vile kila dawa ya meno ni Kolgeti. Nenda kwa shamba la zamani uone. Inaweza kuwa International, iliyotoka kiwandani ikiwa nyekundu. Inaweza kuwa Allis-Chalmers, ya rangi ya machungwa. Inaweza kuwa Fowler ya Leeds yenye silinda moja tu, ambayo unaweza kuiamsha kwa kulipua risasi ndani ya injini, na sitanii, walikuwa wanaweka kartriji kama ya bunduki ya ndege. Zote tunaziita katapila, na zote zikipakwa njano ya duka la rangi zinafanana kwa picha.

Kwa hivyo ukikutana na mmoja wa hawa wazee wa chuma, wacha rangi, wacha hata jina la mbele kwa sababu rejeta hubadilishwa. Angalia vile inaamka. Caterpillar za dizeli za enzi hiyo zina injini mbili: ndogo ya petroli yenye silinda mbili, imekaa pembeni, kazi yake ni kuamsha ile kubwa. International za dizeli hazina hiyo ndogo; injini kubwa yenyewe inaanza na petroli, ina hadi plagi, ikipata moto inahamishiwa dizeli. Ya shosho ina injini ndogo pembeni, kiota cha ndege juu yake. Hapo ni Caterpillar, hatubishani tena.

Lakini ni Caterpillar gani, na ya lini? Hapo macho yanafika mwisho. Programu ya kutambua picha ilinipa majibu matatu kwa picha tatu za mashine moja. Modeli ya D2, hii ndogo ya zaidi ya tani 3, ilitengenezwa kutoka 1938 hadi 1957, na ya 1946 na ya 1950 unaweza kuzisimamisha pamoja mtu wa kawaida asione tofauti. Kinachozitenganisha ni herufi na tarakimu za mwanzo wa namba. D2 za kwanza zinaanza na 3J au 5J. Kutoka 1947 ni 4U au 5U. Na kwa nini mbili mbili? Ni upana: 3J na 4U zina inchi 40 kutoka katikati ya mnyororo mmoja hadi mwingine, 5J na 5U zina inchi 50. Ukiwa na futi ya fundi cherehani tayari umeondoa nusu ya majibu. Tarakimu zinazofuata ndizo zinakupa mwaka, kwa sababu kuna orodha ya namba iliyoanza kila mwaka.

Mtego mwingine ambao umeumiza wengi: ile namba iliyovimba juu ya chuma, iliyotoka na kalibu, ni namba ya kipuri. Ziko kila mahali kwa mashine. Namba ya trekta imegongwa, imezama ndani. Kwa komenti za ile vidio kuna jamaa alisoma namba iliyovimba, akaitafuta, akatangaza kwamba ni buldoza ya jeshi. Watu 4,000 wakampenda.

Basi Jumamosi tulienda, mimi na rafiki yangu, na dizeli kwa chupa ya soda na brashi ya waya. Namba hugongwa pia nyuma kwenye kasha la gia, na watu huisahau kwa sababu pale ndipo grisi na matope hukaa. Tulikwangua kama saa nzima. Shosho alikuja na kiti chake akakaa kututazama.

"Shosho, hii ilitoka wapi?"

"Babu yake huyu aliinunua kwa mnada, mzungu akiuza vitu aende kwao. Mnatafuta nini huko chini, kijana wangu?"

"Namba, shosho."

"Si yule mwingine alienda nayo?"

Nilikosa jibu. Nikapaka chaki, nikafuta kwa kiganja, na tarakimu zikabaki nyeupe kwa chuma: 5U, na nyingine nyuma yake ambazo sitaziandika hapa kwa sababu wezi pia wana bando. Zinaangukia karibu na mwisho wa orodha. D2, minyororo ya upana wa inchi 50, tulipima pia, miaka ya 1950. Kongwa ilikuwa imeshafungwa. Ya mkoloni, sawa, hiyo nusu waliipata kwa bahati. Settla aliitumia, babu akainunua kwa pesa yake, ikafungua ekari za familia. Hiyo hadithi ilikuwa imekaa kwa kiti cha plastiki mita tano kutoka kwa kamera yao na hakuna aliyeiuliza.

Nilimpigia yule mzee wa Nakuru. Akafurahi, halafu akauliza la pili: na ya injini? Kwa sababu trekta hizi zilitoka kiwandani na namba moja, kwa injini na kwa kasha la nyuma. Zikilingana, mashine ni nzima. Zisipolingana, injini ni ya kuazima na bei inashuka. Kwa injini ya shosho hakuna namba nyingine inayosomeka, kutu imekula. Iliyobaki iko kwa kile kibati.

Najua kuna wataniambia niliacha chuo, ninajifanya mhandisi wa nini. Ni kweli niliacha. Kusoma tarakimu sita hakuhitaji gauni.

Nyinyi wa ule ukurasa, nimewaandikia mara tatu, mkasoma, mkanyamaza. Kibati si chenu. Shosho hakuwapa, aliwapa chai. Mzee wa Nakuru amesema atangoja hadi mwisho wa mwezi, na yule wa kilo amepiga simu jana tena kuuliza kama barabara ya kuingia shambani imekauka. Kama mnaona haya kuja, kiwekeni kwa bahasha mpe matatu za Njoro, rafiki yangu atakipokea stejini. Vidio mnaweza kubaki nayo.