Ada Kabla ya Kosa

Tarehe 27 Januari 2016 Nape Nnauye, wakati huo Waziri wa Habari, alisimama bungeni hapa Dodoma akatangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena mijadala ya Bunge moja kwa moja. Sababu aliyoitaja ni gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wapinzani walicharuka hadi polisi wakaingia ukumbini, na wananchi wakabaki na kipindi cha usiku kilichokwisha kuhaririwa. Serikali iliyoona picha zake yenyewe ni ghali ndiyo iliyokuja, miaka miwili baadaye, kuzipangia bei picha za wengine.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Machi 2018 zilimtaka mwenye televisheni ya mtandaoni au blogu alipe laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine ya ada ya mwaka. Asiyelipa akaendelea kurusha alikabiliwa na faini isiyopungua milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Wanahabari na watetezi wa haki walikimbilia Mahakama Kuu Mtwara, wakapata zuio la muda mwezi Mei, nalo likaondolewa kabla mwezi haujaisha. Ni haki kuongeza kwamba ada zilipunguzwa 2022. Hoja ya makala hii haiko kwenye kiasi.

Chukua kijana wa Chamwino anayewarekodi kina mama wakipiga muheme, ngoma wamezibana mapajani, vumbi limewafika magotini. Video anaiweka YouTube. Hajamtukana mtu, hajamzulia mtu jambo. Akitaka kuifanya kazi hiyo iwe televisheni yake ndogo ya mtandaoni, kanuni zile zilimdai shilingi 2,100,000 kabla hajatenda kosa lolote. Na kanuni zenyewe hazikujadiliwa na mbunge wake: zilitungwa na waziri chini ya sheria ya mawasiliano ya 2010, zikatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, basi.

Sisemi video haina madhara. Binti ambaye picha zake za faragha zimesambazwa na mpenzi wa zamani ameumizwa kweli, na anayetumia mtoto kutengeneza ponografia anastahili jela. Lakini hayo yamo tayari katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, sheria ambayo nayo ina mambo yake, hasa kifungu cha taarifa za uongo. Leseni inamwongezea nini binti yule?

Tazama walioguswa. Septemba 2019 Ayo TV na Watetezi TV zilitozwa faini ya milioni 5 kila moja, na Kwanza Online TV ikafungiwa miezi 6. Julai 2020 Kwanza ikafungiwa tena, safari hii miezi 11, kwa kuweka mtandaoni tahadhari ya ubalozi wa Marekani kuhusu korona. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za kampuni ya habari ya Mwananchi zikasimamishwa siku 30 kwa sababu ya katuni fupi iliyowaonyesha watu wakiwalilia ndugu zao waliopotea. Hao wote walikuwa na leseni. Haikuwakinga, ndiyo iliyoipa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, pa kuwashika. Anayesambaza uchafu kwa jina la bandia hana cha kufungiwa.

Halafu kuna suala la muda. Kanuni za 2020 zilitoa saa 2 za kushughulikia maudhui yaliyolalamikiwa, badala ya 12 za awali. Kwa kampuni ya Dar es Salaam yenye mwanasheria wake, sawa. Kwa mtu wa Kondoa ndani, ambako mtandao unakamatika ukipanda kichuguu, muda unaisha ujumbe haujaingia.

Tunachopendekeza si kipya. Ada ya kusema iondolewe kabisa, na mwenye kuumizwa na video apeleke shauri lake mahakamani, ushahidi utolewe hadharani, hakimu aandike sababu. Sasa hivi mamlaka inayotoa leseni ndiyo inayopokea lalamiko kupitia Kamati yake ya Maudhui na ndiyo inayotoa adhabu. Asiyeridhika hukata rufaa Baraza la Ushindani, chombo kinachosikiliza ugomvi wa biashara.